Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Safari Zetu za Kutazama Ndege na Suala la Spika za Kuwapigia Ndege Rekodi

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Safari zilikuwa mbili, Uganda na Ecuador. Mwezi Mei tulishiriki siku ya kuhesabu ndege duniani na orodha zetu ziliingizwa eBird, hazina ya mtandaoni ya kumbukumbu za ndege. Mafunzo ya kutumia darubini yalifanyika. Kwa ujumla: wasafiri 23, siku za msituni 26, spishi 547, kati yake 61 zilisikika tu bila kuonekana.

Kuhusu Uganda nitaje jambo moja. Kwenye kinamasi cha Mabamba, ukingoni mwa Ziwa Victoria, tulimkuta korongo-nondo, yule ndege mkubwa mwenye mdomo mpana, kwenye mafunjo. Alisimama kama kisiki karibu dakika 50, hakutikisa hata unyoya. Ghafla alijiangusha mzimamzima majini, akaibuka na kamongo mdomoni pamoja na fungu la majani. Waliokuwa mtumbwini ni mashahidi kwamba mimi ndiye niliyeomba tusisogee zaidi, ingawa wawili walinung'unika kwamba picha zingetoka ndogo. Tungesogea, tusingeona alichokifanya.

Sasa nije kwenye suala la spika, maana najua wengi mmelijia hilo.

Kamati iliamua kwamba katika safari za chama hakuna kumpigia ndege sauti yake iliyorekodiwa ili ajitokeze. Imesemwa kwamba nilijiamulia peke yangu. Si kweli. Wajumbe ni tisa, akidi ni watano, siku hiyo tulikuwa sita. Wanne walikubali, mmoja alipinga, mmoja hakupiga kura. Muhtasari upo kwa katibu na yeyote anaweza kuusoma.

Sababu ni hizi. Dume analinda eneo lake. Akisikia sauti ya dume mwenzake anaamini amevamiwa. Anaacha kula, anaacha jike au kiota, anakuja kupigana na mpinzani ambaye hayupo. Likifanyika mara moja pengine si neno. Lakini sisi tunaosafiri dunia nzima kufuata ndege tunakwenda palepale wanapokwenda wengine wote. Kundi letu likiondoka, jingine linafika mchana, jingine kesho, na kila moja linaona limempigia mara moja tu. Hifadhi za taifa za Marekani zimepiga marufuku jambo hili, na kanuni za maadili za American Birding Association, chama cha watazama ndege cha huko, zinawataka watu wajizuie, hasa mahali panapotembelewa sana na kwa ndege adimu. Hatukubuni jambo geni.

Mwanachama mmoja aliniletea utafiti uliochapishwa 2013, uliofanyika hukohuko Ecuador, kuonyesha kwamba aina moja ya ndege aliyepigiwa rekodi kila siku alizoea, na baada ya siku 12 hivi hakuitikia tena kama mwanzo. Nimeusoma wote, na anasema kweli. Lakini utafiti huo unaonyesha pia jinsi alivyohangaika siku za mwanzo. Kwangu mimi, ndege kuzoea kudanganywa hakuthibitishi kwamba hadhuriki.

Kilichowaudhi wengi, nadhani, ni asubuhi ya siku ya sita ya safari ya Ecuador, kwenye miteremko ya milima ya Andes. Tulisimama kwenye matope kwa muda wa saa mbili na dakika 40, ukungu umetanda, tukimsubiri antipita, yule ndege wa miguu mirefu na mkia mfupi mno anayerukaruka chini ya msitu. Aliita mara tatu, mara ya mwisho kama hatua kumi kutoka tulipo. Jani moja lilitikisika. Hatukumwona. Nilijua waliokuwa na sauti yake kwenye simu, na nilijua walivyonitazama. Niliumia kama wao. Ndege huyo hayumo kwenye orodha yangu pia. Lakini sikubadili uamuzi, na leo nisingeubadili.

Siku mbili baadaye tulikuwa kwa Ángel Paz, mkulima aliyegeuza shamba lake kuwa hifadhi na aliyejulikana duniani kwa kumzoesha antipita mkubwa, aliyempa jina María, kwa minyoo na kwa kumwita kwa kinywa chake, bila rekodi. Nimeulizwa kama huko nako si kuvuta ndege. Ndiyo, ni kuvuta. Tofauti ni kwamba anayefuata mnyoo anaula na kuondoka ameshiba. Anayefuata spika anakuta patupu.

Wengine wamenitajia rekodi za dunia za kuona spishi nyingi ndani ya mwaka mmoja: Noah Strycker aliyepata spishi 6,042 mwaka 2015, na Arjan Dwarshuis aliyempita mwaka uliofuata kwa spishi 6,852. Nawaheshimu sana. Lakini chama hiki hakikuanzishwa kushindana nao, na natamani wanaolilia idadi waje kwanza kwenye mikutano.

Na hapo lazima niseme wazi. Wanachama ni 84. Mkutano wa nusu mwaka, ambao suala la spika lilikuwa kwenye ajenda, ulihudhuriwa na 19. Ada imelipwa na 37. Niliandika barua za kukumbusha mara tatu, kwa mkono wangu, nikapata majibu manne. Kati ya walioandika kwa ukali kwenye kundi la WhatsApp kuhusu uamuzi huu, wengi hawakuja na hawajalipa. Sitaji majina. Mhazini amelazimika kuahirisha ununuzi wa mwongozo mpya wa ndege, na safari ya Ecuador ingekwama kama nisingetanguliza fedha zangu kwa malazi. Nilirudishiwa, nashukuru.

Mwaka ujao tunatarajia, uwezo ukiruhusu, kufikiria Colombia, nchi inayoongoza duniani kwa wingi wa spishi, zaidi ya 1,900. Tutaangalia pia namna ya kuwasaidia vijana kusafiri. Kamati itakaa na kulijadili kwa wakati wake.

Atakayetaka uamuzi wa spika upigiwe kura upya alete hoja kwa maandishi, iungwe mkono na wanachama kumi waliolipa ada. Teleskopu ya chama iliyoazimwa mwezi Machi bado haijarudi. Aliye nayo amkabidhi mhazini.

Mwenyekiti