Barua ya wazi kwa Jaji Mkuu wa Kenya: Tusikilizwe kabla mkutano haujaitishwa

Mheshimiwa Jaji Mkuu,

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Voi. Nilikuwa na hisa mia nane katika kampuni moja, nilizozinunua kupitia dalali wa Mombasa nikiwa bado nafundisha. Leo sinazo. Hazikuibwa. Zilichukuliwa kisheria, kwa bei ambayo sikuikubali, kupitia mkutano ambao sikuuhudhuria, na mahakama ikauidhinisha. Kampuni siitaji jina, maana silalamiki kwamba ilivunja sheria. Iliifuata hatua kwa hatua.

Unaijua njia yenyewe kuliko mimi, lakini wanaosoma barua hii wengi hawaijui. Chini ya Sheria ya Makampuni ya 2015, kampuni inaweza kufanya mpango wa maafikiano na wanahisa wake, kwa mfano hisa zao zote zichukuliwe na mnunuzi kwa bei iliyopangwa. Kwanza inaiomba Mahakama Kuu iagize mkutano uitishwe. Wanahisa wanapiga kura. Mpango ukipita, kampuni inarudi mahakamani kuomba uidhinishwe. Ili upite, wanaosema ndiyo wawe wengi kwa hesabu ya vichwa (kila mwanahisa kichwa kimoja, hata awe na hisa ngapi), na hisa zao zifikie asilimia 75 ya thamani ya hisa zilizopiga kura. Amri ya mahakama ikishafika kwa Msajili wa Makampuni, inawafunga wote: aliyekubali, aliyekataa, na aliyekuwa shambani akipalilia.

Neno la kuangalia hapo ni "zilizopiga kura". Tuseme kampuni ina hisa milioni 100 na zilizofika mkutanoni, zenyewe au kwa wawakilishi, ni milioni 40. Milioni 30 zikisema ndiyo, kazi imekwisha kwa upande wa thamani, na milioni 60 zilizobaki nyumbani hazina la kusema. Ingekuwa mnunuzi ametoa ofa ya kawaida kwa kila mwanahisa, ningeweza kukaa na hisa zangu hadi akusanye asilimia 90 ya hisa anazozitaka, ndipo anilazimishe kuuza. Sishangai wanunuzi wakiipenda hii njia ya mahakama.

Sipingi mpango wa aina hii kuwepo. Kuna kampuni ambazo zingekufa bila huo.

Ninachokuomba kinahusu kile kikao cha kwanza, cha kuomba mkutano uitishwe. Mara nyingi wanaofika mbele ya jaji ni mawakili wa kampuni peke yao. Ukiisoma amri inayotoka humo utadhani ni ratiba ya harusi: tarehe, ukumbi, tangazo gazetini, nani mwenyekiti. Lakini humo ndimo inapoamuliwa nani anakaa chumba kimoja na nani, yaani nani anapiga kura katika kundi moja na nani. Mwaka 1892, katika kesi ya Sovereign Life Assurance dhidi ya Dodd, majaji wa Uingereza walisema kundi la wapiga kura liwe la watu ambao haki zao hazijatofautiana kiasi cha kushindwa kushauriana kwa maslahi yao ya pamoja. Mwaka 1975 ikaja kesi ya Hellenic & General Trust. Mnunuzi alikuwa kampuni ya Hambros, na kampuni tanzu yake, yaani inayomilikiwa nayo, ilikuwa na asilimia 53 ya hisa zilizokuwa zinanunuliwa. Ikapiga kura ya ndiyo pamoja na wanahisa wengine. Jaji Templeman akakataa kuuidhinisha mpango, akasema kampuni tanzu hiyo ilistahili mkutano wake peke yake. Kesi ya ngedere ilikuwa imepelekwa kwa nyani, naye akaiona.

Ila aliiona mwishoni, baada ya gharama zote. Uingereza wakajifunza. Tangu mwaka 2002 mahakama zao zina mwongozo unaomtaka mwombaji aeleze suala la makundi mapema, kwenye kikao cha kuitisha mkutano, na wahusika wapewe taarifa ili mwenye pingamizi alilete wakati huo.

Hesabu ya vichwa nayo ina mambo yake. Mwaka 2009 huko Hong Kong, kampuni ya simu ya PCCW ilitaka kuwanunua wanahisa wake wadogo na kutoka kwenye soko la hisa. Kabla ya mkutano, mamia ya mawakala wa bima waligawiwa hisa elfu moja moja. Kila mmoja akawa kichwa, na vichwa vikapatikana. Mwekezaji David Webb ndiye aliyepiga kelele, mamlaka ya masoko ya mitaji ikazichukua karatasi za kura, na Mahakama ya Rufaa ikaukataa mpango. Baadaye Hong Kong ilibadilisha sheria na kuiondoa hesabu hiyo kwenye mipango ya kununua kampuni. Kwetu hilo ni la Bunge, sikusukumii wewe.

Lililo mikononi mwako ni mwongozo kwa majaji wa Mahakama Kuu. Ombi la kuitisha mkutano litangazwe kabla halijasikilizwa, si baada ya amri kutoka. Kampuni iapishwe kueleza ni mwanahisa gani ana uhusiano na mnunuzi. Mwenyekiti akirudi na ripoti ya kura, aambatanishe orodha ya hisa zilizohamishwa wiki chache kabla ya mkutano, nani kampa nani.

Halafu kuna suala la sisi wa mbali. Waraka niliotumiwa kueleza mpango ulikuwa na kurasa zaidi ya mia, wote Kiingereza, na ulinifikia siku nne kabla ya mkutano. Fomu ya kumteua mwakilishi ilitakiwa iwe Nairobi saa 48 kabla. Nilibaki na siku mbili za kusoma, kuuliza na kutuma. Treni ya Madaraka inapita hapa Voi, kweli, lakini nauli na malazi vingemeza gawio la miaka mitatu. Ibara ya 7 ya Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Jaji anayeagiza mkutano anaweza kuagiza pia muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, siku za kutosha, na kura ya simu. Mtu anayelipa karo kwa simu hashindwi kuandika "la" kwa simu hiyo hiyo.

Ningeipiga hiyo kura. Pengine ningeshindwa vilevile, hisa mia nane ni nini.

Wako mwaminifu,
Mwanahisa mdogo wa zamani, Voi