YAH: Malalamiko kuhusu mpira wenu wa kuunganisha jiko la kuchomea nyama na gesi ya gari-nyumba

Kwa Meneja wa Bidhaa,
Nakala: Idara ya Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Tunawaandikia kama mafundi tunaofunga na kukagua mifumo ya gesi kwenye magari-nyumba, yale magari ya kulala na kupikia safarini. Lalamiko letu ni moja: mnauza mpira wa gesi bila kusema ni wa presha gani. Kwenye boksi haikuandikwa, kwenye karatasi ya maelekezo haikuandikwa, na kwenye mpira wenyewe haikupigwa chapa. Mlichoandika, tena kwa herufi kubwa, ni kwamba unafaa kwa jiko lolote dogo na gari lolote. Si kweli. Mteja anayeamini maneno hayo huishia na jiko lisilopata moto wa kuchoma hata kipande cha kuku, kisha akifuata ushauri wenu wa namna ya kurekebisha, anaweza kuingia kwenye hatari ambayo hakuwa nayo mwanzo.

Mpira una urefu wa futi 12. Ncha moja ina kichwa cha kuchomeka kwenye tundu la gesi lililo ubavuni mwa gari. Ncha ya pili ina hesi ya inchi 1 yenye nyuzi 20 kwa inchi, hesi ile ile ya mtungi mdogo wa kutupa wa ratili 1. Maana yake ni kwamba ncha ya kwanza imetengenezwa kupokea gesi ya presha ndogo, na ya pili imetengenezwa kufungwa kwenye regulata ya jiko, kifaa cha kushusha presha ya gesi, ambacho hutegemea presha kubwa ya mtungi. Ncha hizi mbili hazipaswi kukutana kwenye mpira mmoja, na hapa ndipo matatizo yote yanapoanzia.

Ndani ya mtungi, propani ina presha ya kama psi 110 (ratili 110 kwa kila inchi ya mraba) kukiwa na joto la nyuzi 21 za Selsiasi, na hupanda hadi kama psi 170 siku ya nyuzi 38. Gari-nyumba lina regulata ya hatua mbili karibu na mtungi. Hatua ya kwanza huishusha gesi hadi kama psi 10, ya pili huishusha hadi inchi 11 za maji, yaani presha ya kuinua maji inchi 11 tu ndani ya mpira mwembamba unaoonekana. Hiyo haifiki hata nusu ya psi 1. Kwa kipimo cha Ulaya ni kama milibari 27. Jiko la ndani, friji, hita ya maji, na lile tundu la nje, vyote hupata presha hiyo hiyo.

Sasa mteja anafunga jiko lake dogo, ambalo tayari lina regulata, kwenye tundu lililokwisha kupita regulata ya gari. Regulata ya jiko ina tundu dogo sana la kuingizia gesi, kwa sababu aliyeibuni alitarajia gesi iingie kwa makumi ya psi. Ikipewa inchi 11, springi yake inasukuma kiwambo hadi mwisho na tundu linafunguka lote, lakini gesi inayopita bado ni kidogo. Regulata haina uwezo wa kuongeza presha, inapunguza tu.

Hesabu yake si ngumu. Gesi inayopita kwenye jeti, kitundu chembamba cha kutolea gesi kwenye kichomeo, hufuata kipeuo cha pili cha presha, yaani mzizi wake wa mraba. Tuchukue jiko la BTU 12,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto) lenye jeti iliyotobolewa kwa presha ya inchi 11 za maji. Regulata mbili zikifuatana na jeti ikabakiwa na inchi 5, jiko litatoa kama BTU 8,100. Hilo bado lina nafuu. Yapo majiko ambayo regulata na kitasa cha kuzungusha moto vimeunganishwa kuwa kitu kimoja, na jeti yake ni ndogo kwa kuwa inafanya kazi kwa psi kadhaa. Jeti iliyotobolewa kwa psi 5, ambazo ni kama inchi 138 za maji, ikipewa inchi 11 itapitisha kama asilimia 28 tu. BTU 12,000 zinakuwa kama 3,400. Kwa moto huo, hakuna kiasi cha kusubiri kitakachofanya nyama ipate rangi.

Wateja wakiwauliza, watu wenu wa simu hujibu kwamba mpira ni mrefu na wanunue ule mfupi. Tunaomba jibu hilo liachwe kabisa. Jiko la BTU 12,000 hutumia chini kidogo ya futi 5 za ujazo za gesi kwa saa. Kwenye mpira wa futi 12 wenye uwazi wa robo inchi, kiasi hicho hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya inchi ya maji. Urefu huanza kuwa na maana kwa jiko kubwa la BTU 30,000 na kuendelea, na hapo tiba ni mpira wenye uwazi wa inchi 3/8, si kuukata. Mteja anayeuziwa mpira mfupi ameuziwa tatizo lile lile mara ya pili, na juu yake jiko limesogezwa karibu na ubavu wa gari, karibu na turubai la kivuli na matundu ya hewa ya friji. Ushauri huo unapunguza usalama wake bila kumwongezea moto.

Tena moto hafifu si kero ya mapishi peke yake. Gesi ikitoka kwenye jeti bila kasi, haivuti hewa ya kutosha kwenye mdomo wa kichomeo. Miali inakuwa ya njano, masizi yanajaa, monoksidi ya kaboni inaongezeka. Mchanganyiko wa gesi na hewa ukiwa mzito wa mwendo kuliko moto wenyewe, moto hurudi nyuma na kuwaka ndani ya bomba la kichomeo, karibu na kitasa. Mteja husikia mvumo mdogo na kuona kichomeo kama kimezima, kumbe kinaungua kwa ndani.

Linalotusumbua zaidi ni hatua ya 6 ya maelekezo yenu: "Moto ukiwa hafifu, ondoa regulata ya jiko." Sentensi moja, basi. Kwa baadhi ya majiko kuondoa regulata ni sahihi, ikiwa jeti yake ni ya inchi 11 na regulata imesimama peke yake, imetenganika na kitasa. Hapo jiko hufungwa moja kwa moja kwenye gesi ya presha ndogo na kitasa chake kinabaki kurekebisha moto. Lakini kwa jiko ambalo regulata na kitasa ni kitu kimoja, kuondoa regulata ni kuondoa koki ya jiko pia. Na kwa jiko lenye jeti ya psi 5, regulata ikitolewa moto utabaki dhaifu hadi jeti ibadilishwe kwa ile ya kiwanda iliyotengenezwa kwa presha ndogo. Kutoboa jeti kwa keekee nyumbani hatukushauri mtu yeyote. Tofauti ya sehemu ndogo ya milimita huvuruga moto wote.

Hatari yenyewe huja baadaye. Jiko lililoondolewa regulata linaonekana kama jiko la kawaida, na ncha ya mpira wenu ni hesi ya mtungi wa ratili 1. Mwenye jiko, au aliyeliazima, anaweza siku nyingine kulifunga kwenye mtungi kwa kiungo cha dukani. Jeti ya inchi 11 ikikutana na presha ya mtungi ya psi 110, gesi itakayotoka inaweza kuzidi mara 20 ya kiasi chake. Hayo si mapishi tena, ni mlipuko wa moto usoni. Maelekezo yenu hayana onyo hata moja kuhusu hili, wala hamkuweka kibandiko cha kufunga kwenye jiko kusema kwamba sasa ni la presha ndogo tu.

Njia sahihi zipo mbili, na kila moja ina mpira wake.

Ya kwanza ni kuchukua gesi kabla ya regulata ya gari. Hufungwa tii ya shaba njano, kiungo cha njia tatu, kati ya mtungi na regulata: tundu moja huendelea kwenye regulata ya gari kama kawaida, na jingine lina hesi ya inchi 1 yenye nyuzi 20. Kutoka hapo unapita mpira wa presha kubwa, wenye chapa ya psi 350, hadi kwenye jiko, na jiko hubaki na regulata yake bila kuguswa. Kwa jiko dogo la mtungi wa kutupa, hii ndiyo njia tunayoipendelea, kwa sababu jiko linabaki vile vile lilivyotoka kiwandani. Masharti yake: mtungi ufungwe kwenye koki yake kila mara baada ya kupika, gesi iliyobaki kwenye mpira iunguzwe hadi moto ufe, na mpira usipite ndani ya gari wala kubanwa na mlango wa chumba cha mitungi. Koki ya mtungi ifunguliwe polepole. Ikifunguliwa kwa pupa, kizuizi cha mtiririko hudhani mpira umekatika na kubana gesi, na mteja hudhani tena kwamba jiko ni bovu. Tiba ni kufunga vitasa vyote, kufunga mtungi, kungoja kama dakika moja, kisha kufungua taratibu.

Ya pili ni tundu la nje la presha ndogo pamoja na jiko lisilo na regulata, la jeti ya inchi 11. Hapa ncha ya mpira upande wa jiko isiwe kabisa hesi ya mtungi wa kutupa. Iwe ya kukaza kwa spana, ya inchi 3/8 yenye mdomo wa koni, ili isiingie kimakosa kwenye regulata wala kwenye mtungi. Mdomo wa koni hauwekwi utepe wala gundi, chuma hubana chuma. Utepe au gundi ya gesi ni kwa hesi zinazobana kwa nyuzi peke yake, na karatasi yenu imevichanganya hivyo viwili kwenye mchoro wa pili.

Boksi lenu kubwa lina pia tundu la ziada kwa anayetaka kujifungia ubavuni mwa gari. Halina koki. Tundu la gesi la kutegemewa lina koki isiyofunguka mpaka kichwa cha mpira kiwe kimeingia sawasawa, na kichwa hakitoki mpaka koki ifungwe. Springi ya ndani peke yake haitoshi. Chembe moja ya mchanga kwenye oringi, ile pete ya mpira ya kuziba, inatosha kuiacha ikivuja. Propani ni nzito kuliko hewa kwa kama mara moja na nusu, hukaa chini, na ikifika asilimia 2 hivi ya hewa huweza kuwaka. Hamkuweka hata kifuniko cha vumbi. Maelekezo hayataji popote kupaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo kabla ya kuwasha na kutazama mapovu, jambo la dakika mbili.

Na kuhusu "gari lolote": magari-nyumba ya Ulaya ya sasa hutumia milibari 30, na majiko mengi yanayouzwa Ujerumani ni ya milibari 50. Jiko la 50 kwenye tundu la 30 hutoa kama asilimia 77 ya moto wake. Mnaouzia huko mnajua hilo, kwa maana presha huandikwa kwenye kibati cha kila jiko. Isiyoandikwa ni ya mpira wenu.

Tunachotaka ni hiki. Acheni kuuza mpira wenye kichwa cha kuchomeka upande mmoja na hesi ya mtungi wa kutupa upande mwingine. Uzeni mipira miwili tofauti, mmoja wa presha kubwa na mwingine wa presha ndogo, kila mmoja ukiwa na presha yake imepigwa chapa kwenye ncha zote mbili. Futeni hatua ya 6, na mahali pake wekeni jedwali la kumwongoza mteja kusoma kibati cha jiko lake, kutambua kama regulata imetenganika na kitasa, kisha kuchagua mpira. Wekeni kibandiko cha kudumu kwa jiko lililobadilishwa. Tundu la ziada liondolewe sokoni hadi liwe na koki. Waliokwisha kununua waandikiwe, waelezwe hatari ya jiko lisilo na regulata, na warudishiwe fedha bila kudaiwa boksi.

Tuko tayari kuwapimia mpira wenu kwa manomita, kipimo cha presha, mbele ya wahandisi wenu, jiko likiwa linawaka na regulata yake na likiwa bila regulata. Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, likiwa na jina na cheo cha atakayesimamia marekebisho. Pamoja na barua hii tumeambatanisha nakala ya karatasi yenu ya maelekezo, tukiwa tumeweka alama nyekundu kwenye hatua ya 6 na mchoro wa pili.

Wenu,
Mafundi wa mifumo ya gesi ya magari-nyumba