Kwa Mpwa Wangu: Kitazame Kijito Hata Wakati wa Kiangazi

Mpwa wangu mpendwa,

Natumaini u mzima wa afya. Katika barua yako ya mwisho ulinieleza kwamba unapita kando ya kijito cha bustani karibu kila siku, na kwamba huoni cha kutazama pale mpaka mvua zinyeshe na maji yajae. Nimeona nikujibu hadharani, kwa kuwa wako wengi wenye fikra kama hiyo, nami naamini kwa dhati kwamba kiangazi humfunza mtu kuhusu kijito kuliko majira mengine yote.

Anza na maji yenyewe. Mvua imekatika kwa wiki nyingi, na bado yanatiririka; yanatoka wapi? Yanatoka ardhini. Sehemu ya mvua iliyonyesha miezi iliyopita ilizama taratibu katika udongo na nyufa za miamba, ikawa maji ya chini ya ardhi, na sasa inachuruzika kidogo kidogo kupitia kingo na sakafu ya kijito. Maji unayoyaona leo ni mvua ya zamani, na wingi wake hukuonyesha jinsi ardhi ya huko juu ilivyoweza kuipokea. Palipofunikwa kwa lami na saruji mvua haipati pa kuzama, hivyo kijito hufurika ndani ya saa chache na baadaye hunywea upesi. Kijito chako kikivuka kiangazi bila kukauka, basi kuna udongo na mimea mahali fulani vinavyostahili kulindwa, na ningependa uvijue.

Kiangazi pia ni wakati wa dhiki kwa viumbe wa majini, maana maji yakipata joto hupungukiwa na uwezo wa kushika oksijeni. Lita moja ya maji baridi yenye nyuzijoto 10 za Selsiasi huweza kushika takriban miligramu 11 za oksijeni, ilhali kwa nyuzijoto 30 hushika kama miligramu 7.5 tu. Ndiyo maana utawakuta samaki wadogo wamejazana pale maji yanaporukaruka juu ya mawe na kuchanganyika na hewa, au chini ya kivuli cha mti ulioinamia maji. Katika vidimbwi vilivyo wazi mwani hustawi kwa jua. Mchana hutoa oksijeni, na usiku huitumia pamoja na viumbe wengine, kiasi kwamba saa ngumu kuliko zote ni zile za kabla ya mapambazuko.

Kisha yaangalie majani makavu yaliyoanguka majini. Okota moja uliinue kwenye mwanga. Likiwa limeanguka karibuni, bado ni gumu, na maji yanayolizunguka yameanza kugeuka hudhurungi kwa sababu ya vitu vinavyoyeyuka kutoka ndani yake. Likikaa zaidi hushikwa na kuvu na bakteria, likalainika na kuteleza vidoleni. Hapo wadudu wa majini hulitafuna sehemu zilizo laini, wakaacha mishipa yake imesimama kama wavu. Kijito chenye kivuli kingi hupata sehemu kubwa ya chakula chake kwa njia hii, na ndiyo sababu mimi husikitika kila nionapo miti ya kingoni ikikatwa ili watu waone maji vizuri zaidi.

Kwenye matete, juu kidogo ya maji, tafuta ganda jepesi la rangi ya udongo lililong'ang'ania shina. Hilo ni gamba la lava, yaani kereng'ende ambaye bado hajakomaa. Limepasuka mgongoni, na ndani yake zinaning'inia nyuzi nyeupe nyembamba, ambazo ni bitana ya mirija aliyoitumia kupumulia. Mdudu yule ameishi chini ya maji kwa wiki, miezi, au hata miaka kwa baadhi ya spishi, akikamata viluwiluwi wa vyura kwa mdomo wa chini anaoufyatua mbele, kabla ya kupanda shina na kuruka zake.

Kuhusu wakati wa mvua sina mengi, maana umeshauona. Tazama tu penye kona: maji hula ukingo wa nje na kuacha mchanga ukingo wa ndani. Nakuomba, tena kwa msisitizo, ukae juu ya ukingo mgumu na usiingie mafurikoni. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanatosha kumwangusha mtu mzima.

Chagua jiwe moja kubwa lisilosogea, uwe unapima umbali kutoka kileleni mwake hadi usoni mwa maji, siku ileile ya kila wiki, ukiandika pia tarehe, joto la maji na viumbe uliowaona. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, pima siku hiyo, kesho yake na keshokutwa, kisha nitumie vipimo vyote vitatu. Nataka kujua maji yatachukua muda gani kushuka, ili tuulizane mvua ile imekwenda wapi.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye.