Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Watayarishaji Filamu

Ndugu wanachama,

Kazi za kawaida za mwaka mnazijua. Kamati ya utendaji imekutana kama katiba inavyoagiza, mafunzo ya sauti na uhariri yamefanyika, wanachama wapya wamepokelewa na hesabu zimekaguliwa. Mhazini atazisoma. Nawashukuru wote mliojitolea.

Naomba muda zaidi kwa jambo lililotugawa, yaani uamuzi wa kamati, chini ya uenyekiti wangu, wa kutompa barua ya utambulisho mwanachama yeyote anayekwenda kurekodi nje ya nchi kwa visa ya utalii. Nimeyasikia yaliyosemwa, hata yale ambayo sikuambiwa ana kwa ana. Imedaiwa kwamba nawabania wenzangu riziki. Nakataa.

Barua yetu ni dhamana. Anayeipokea anaamini tumeridhika kwamba kikundi kimefuata sheria za nchi kinakokwenda. Marekani haimruhusu mtu aliyeingia kwa visa ya utalii kurekodi filamu ya kibiashara. Kenya inamtaka mtayarishaji wa kigeni apitie kwa wakala aliyesajiliwa huko. Sasa tuandike nini kwenye barua? Kwamba kamera tatu, taa na mikrofoni ni za kumbukumbu za familia?

Wapo waliosema New York mtu hurekodi barabarani bila kibali. Ni kweli, ikiwa ameshika kamera mkononi au ana stendi tu, na hajifungii eneo la jiji kwa matumizi yake peke yake. Akizidisha hapo anahitaji kibali, na pamoja nacho bima ya dhima, yaani ya kufidia madhara kwa wengine, ya dola 1,000,000. Wanaonukuu nusu ya kwanza ya kanuni wasome na nusu ya pili. Vilevile Paris: Mnara wa Eiffel, uliokamilika mwaka 1889, unarekodiwa mchana bila shida ya hakimiliki, lakini taa zake za usiku zina mwenyewe, na matumizi ya kibiashara huombewa idhini. Tena kibali cha bodi ya filamu peke yake hakitoshi. Hifadhi za wanyama, viwanja vya ndege na majengo ya watu vina idhini zake, na droni huombewa kwa mamlaka ya anga.

Kuhusu forodha, mimi mwenyewe nilikaa na kikundi kimoja tukaandika orodha ya vifaa, kila kimoja na namba yake, uzito na thamani, hadi wakapata ATA Carnet, yaani hati ya forodha ya kuingiza vifaa kwa muda. Hati hiyo, iliyotokana na mkataba wa mwaka 1961, hudumu hadi mwaka 1, hukubaliwa katika nchi na maeneo takribani 80, na huondoa ushuru kwa vifaa vitakavyorudi. Mhuri mmoja ukikosekana wakati wa kutoka, ushuru unaweza kudaiwa kwenye dhamana iliyowekwa wakati wa kuichukua hati. Kikundi kile kilisubiri, kikaenda na kurudi na vifaa vyote. Sijasikia mtu akilitaja hilo wanaponilaumu.

Namwonea uchungu ndugu yetu ambaye mteja wake alikataa kusubiri vibali. Lakini mteja anayekutaka udanganye mpakani atakuwa wa kwanza kukukana ukikamatwa, na vifaa vitakavyoshikiliwa ni vyako.

Wengi wanaolalamika hawakuwepo siku tulipojadili. Kati ya wanachama 58, walikuja 19. Mkutano uliofuata, 14. Waliolipa ada kamili ni 23. Ujumbe ulitumwa mapema, na nikapiga simu mwenyewe. Mfuko wa dhamana ya vifaa, ambao ungewasaidia kuweka dhamana ya forodha na kuwapunguzia mzigo hao hao wanaolia, hauwezi kuanzishwa kwa ahadi. Nasema kwa uchungu, kwa sababu nakipenda chama hiki na nimekipa muda ambao familia yangu ilistahili.

Mwaka ujao tunatarajia kuanza mazungumzo na vyama vya nchi nyingine ili tupate wenyeji wa kuaminika, na hali ikiruhusu tutaandaa mwongozo wa vibali. Uamuzi wa barua unabaki. Atakayetaka ubadilishwe alete hoja mkutanoni akiwa amelipa ada yake, kama katiba inavyotaka.

Wenu katika kazi,
Mwenyekiti