Nilimwacha mzee wa watu abebe kosa langu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 29, mzaliwa wa Pemba, nasoma shahada ya uzamivu ya kemia ogani katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Naomba jina langu lisitiriwe. Jambo hili nimelikalia tangu Ramadhani na sasa silali.

Nikueleze kwanza kazi yangu, usije ukaona nalilia kitu kidogo. Nachunguza mizizi ya mti wa porini ambao waganga wetu wanautumia kwa homa. Mizizi inaanikwa kivulini, inasagwa, inalowekwa kwenye methanoli, aina ya spiriti, siku tatu, kisha ule mchuzi unakaushwa mpaka unabaki utomvu mweusi unaonata vidoleni. Ndani ya utomvu huo mna kampaundi, yaani kemikali mbalimbali, chungu nzima, nami nazitafuta moja moja. Tunazitenga kwa kolamu, yaani bomba refu la kioo lililojazwa silika, unga mweupe laini kuliko chumvi ya mezani. Utomvu unakaa juu, unamimina kimiminika polepole, na kila kampaundi inashuka kwa mwendo wake, hii mbele, ile nyuma. Zile zenye rangi unaziona kabisa, kama mistari ya kanga. Chini unakinga kwa vichupa.

Sharti kubwa ni kolamu isikauke. Ikikauka silika inapasuka nyufa kama tope la jaruba kiangazi, hewa inaingia, na ulichokitenga kinavurugika. Katika kilo nne za mizizi naweza kuambulia miligramu nane tu, na hizo napaswa kuzituma nje ya nchi kwenye mashine yenye sumaku kubwa inayosoma umbo la kampaundi, halafu nasubiri miezi. Kwa hiyo kolamu moja ikiharibika, umeharibu nusu mwaka.

Mchana nafundisha vitendo kwa mwaka wa kwanza, maana ndiyo inayonilipia chumba. Siku niipendayo ni ile ya karafuu. Tunapitisha mvuke wa maji kwenye karafuu, mvuke unabeba mafuta, unapoozwa, unadondoka ukiwa mweupe kama tui. Mafuta hayo sehemu kubwa ni eujenoli, ndiyo yenye ile harufu. Nawaambia wanafunzi kwamba kwetu hata makonyo hatuyatupi, yanakwenda kutolewa mafuta hivyo hivyo. Mikono inanuka karafuu mpaka kesho yake, na mimi nakumbuka majamvi ya baba yangu.

Sasa, kuna jambo la tatu, na shida imeanzia hapo. Mtoto wa dada yangu yuko sekondari. Siku moja nilimkuta anakariri somo la alkeni kwa Kiingereza, neno kwa neno, huku hajui anasema nini. Alisoma msingi kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza kila kitu kikageuka. Nikamwambia: kaboni ina mikono minne. Mbili zikishikana mkono mmoja mmoja ni alkani, zikishikana miwili miwili ni alkeni. Akaniangalia, akasema, "Kumbe ndiyo hivyo tu, mama mdogo?" Tangu siku hiyo naandika masomo kwa Kiswahili, natoa kopi steshenari, na kila Jumamosi watoto wapatao 40 wanakaa barazani kwa mjomba, Temeke. Wengi ni wa kidato cha nne, mtihani wao ni Novemba.

Msimamizi wangu hapendi. Amenisaidia sana na ninamheshimu, lakini aliwahi kuniambia nichague, uzamivu au ualimu wa mitaani.

Usiku mmoja wa Ramadhani, baada ya futari, nilirudi maabara kuendesha kolamu. Huku inadondoka, nikawa naandika somo la mwarobaini. Mbegu zake zina kampaundi iitwayo azadirakitini, inayowafanya wadudu waache kula majani. Ilitengwa mwaka 1968. Umbo lake halikujulikana sawasawa mpaka miaka ya 1980, na kuijenga maabara tangu mwanzo kuliichukua timu ya mkemia Steven Ley kule Cambridge, Uingereza, miaka 22, wakamaliza 2007. Molekuli yake moja ina atomi za kaboni 35, hidrojeni 44, oksijeni 16! Nilitaka watoto wajue kwamba mti wa uani kwao umewatoa jasho wakemia wakubwa wa dunia. Nilizama, Shangazi. Nilipoinua kichwa kimiminika kilikuwa kimekwisha na nyufa zimefika katikati ya bomba.

Asubuhi msimamizi akaniuliza kumetokea nini. Nikasema silika haikushindiliwa vizuri.

Aliyeishindilia ni fundi wetu wa maabara, mzee ambaye alianza kujaza kolamu mimi sijazaliwa. Mimi namwita Baba. Msimamizi alimgombeza mbele ya wanafunzi, akamwambia macho yamechoka, kazi hii imemshinda. Mzee akanitazama, akatazama meza. Akasema, "Samahani Profesa, nitakuwa mwangalifu zaidi." Jioni akaniletea karatasi zangu za mwarobaini, zilikuwa zimeanguka nyuma ya meza. Amezikunja vizuri ndani ya bahasha. "Mwanangu, hizi za watoto usizipoteze." Hakuongeza neno.

Alijua. Karatasi zile zina tarehe, nimeandika kwa mkono wangu.

Nilijiambia yatapita. Lakini mkataba wake unajadiliwa mwezi ujao, na msimamizi wangu ndiye atakayeulizwa maoni. Mzee ana wajukuu anaowasomesha. Rafiki yangu ninayekaa naye anasema nisubiri mtihani wa Novemba upite kwanza, ndipo niseme, kwa sababu nikisema leo nitaambiwa niache Jumamosi zangu, na huenda na nafasi ya kufundisha nikanyang'anywa. Lakini Novemba mzee atakuwa keshaondoka.

Shangazi, sikuulizi kama niseme. Hilo nimeshaamua, nitasema. Nakuuliza nianzie kwa nani? Nikienda kwa msimamizi kwanza, namwacha mzee asikie habari zake kwa watu. Nikienda kwa mzee kwanza kumwomba radhi, namjua, atanikataza nisiseme ili nisome kwa amani, na nikishakatazwa na mtu niliyemkosea nitampingaje? Na wale watoto 40, niwaambie nini nikizuiwa wiki chache kabla ya mtihani?

Alhamisi nina kipindi cha karafuu, na mzee ndiye atakayenipangia vyombo. Naomba unijibu kabla ya siku hiyo.

Mwanao,
Binti wa Karafuu,
Dar es Salaam