Laiti tungemrekodi baba kabla ya upasuaji

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka 19 bila kukuandikia, lakini taarifa yenu ya Jumapili kuhusu vifaa vya kurudisha sauti imenilazimu kushika kalamu. Mwandishi wenu anadai kwamba mtu aliyeondolewa kikoromeo kwa saratani huzungumza kama zamani akishapewa kifaa cha kubana shingoni. Hakuitaja hata vali ndogo ya Blom na Singer, inayojulikana tangu mwaka 1980, ambayo huelekeza pumzi ya mapafu kwenye umio na kumpa mtu sauti iliyo karibu zaidi na ya asili.

Baba yangu anatumia kifaa hicho cha shingoni mwaka wa tatu sasa. Hutoa mlio mmoja usiopanda wala kushuka, nasi katika Kiswahili mara nyingi huuliza kwa kupandisha sauti tu: “Mgeni amefika” na “Mgeni amefika?” ni maneno yale yale. Ramadhani iliyopita aliuliza hivyo. Mama akadhani anaarifiwa, akaacha chungu motoni, akajitanda kanga na kwenda mlangoni, asimkute mtu. Aliporudi, baba alikuwa amekizima kifaa, na hakukiwasha hadi kesho yake. Huyu ni mwalimu aliyesomesha miaka 30, ambaye darasa zima lilitambua kwa sauti yake tu kama anauliza au anakemea, na leo nyumbani kwake mwenyewe hawezi kuuliza swali likaeleweka kuwa ni swali!

Tulikuwa na wiki 2 kabla ya upasuaji, na hospitalini hakuna aliyetushauri tumrekodi. Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa Marekani aliyepoteza sauti mwaka 2006, alitengenezewa sauti ya kompyuta inayofanana na yake na kampuni ya CereProc ya Edinburgh kwa sababu rekodi zake zilikuwapo. Sisi tuna sekunde 40 za baba akitoa nasaha harusini, ngoma zikimfunika. Programu ya kusoma maandishi kwa sauti tuliyomwekea kwenye simu nayo hutamka “ng’ombe” kama mgeni aliyeshuka bandarini jana.

Kila hospitali ya rufaa itenge chumba kimoja tulivu. Kabla ya kufanyiwa upasuaji, mgonjwa asome humo sentensi 300, nusu yake ziwe maswali, kisha aachwe awaite watoto wake kwa majina.

Msomaji wako,
Tanga