Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kutoka Karakana hadi Darasa la Jioni

Ndugu wanachama,

Kamati ya utendaji imekutana kila robo mwaka kama katiba yetu inavyotaka. Hesabu za chama atazisoma mweka hazina baada yangu, hivyo sitazigusa. Muda wangu nautumia kwa jambo lililotushughulisha mwaka mzima: maisha ya kazi ya mkufunzi wa ufundi na elimu ya watu wazima, hasa anayefundisha jioni. Kazi hii kila mmoja wetu aliiingia kwa mlango wake, na wengi huiacha bila popote kuandikwa walichojifunza.

Mwaka huu amestaafu mwenzetu aliyekuwa akifundisha kuchomelea vyuma. Kwa ombi lake simtaji jina. Alianza kama wengi wetu: mchana fundi kiwandani, jioni akaombwa amshikie mtu darasa kwa wiki mbili. Wiki mbili zile zikageuka kazi ya maisha yake. Nilipokaa naye kwa ajili ya kumbukumbu za chama, alinisimulia kipindi chake cha kwanza. Alizungumza saa mbili mfululizo, akamwaga yote aliyoyajua kuhusu chuma, na hakuna mwanafunzi aliyegusa mashine. Kipindi kilichofuata viti vingi vilikuwa vitupu. Alikuwa fundi hodari, lakini mkono wake ulijua mambo ambayo ulimi wake haukuwahi kutakiwa kuyaeleza.

Ugumu wa kazi yetu uko hapo hasa. Fundi aliyebobea hazioni tena hatua anazopitia. Kwake pembe ya fimbo ya kuchomelea, umbali wake na chuma, na mwendo wa mkono ni tendo moja. Kwa anayeanza ni mambo matatu yanayogombana. Mkufunzi ni lazima alifumue tendo hilo, afundishe uzi mmoja mmoja, kisha alifume tena. Katika shule ya ufundi ya Moscow, Victor Della-Vos alianza mwaka 1868 kuzigawa kazi za karakana katika mazoezi yanayopanda kutoka jepesi hadi gumu, na mazoezi hayo yalipoonyeshwa Philadelphia mwaka 1876, walimu wa Marekani waliyachukua. Mwenzetu aliligundua jambo hilohilo peke yake, kwa miaka ya kujaribu na kukosea, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha.

Ndiyo maana tulianzisha utaratibu wa kutembeleana madarasani. Kila mkufunzi mpya amepewa mwenzake mzoefu. Huyu huenda kwa yule, na yule kwa huyu. Tulikubaliana kwamba mgeni aangalie mikono ya wanafunzi, asimkodolee macho mwalimu. Nakiri nilikuwa na wasiwasi kwamba wenzetu wakongwe wangeona wanakaguliwa. Sasa wao ndio wanaoniuliza zamu yao ni lini.

Ufundi wenyewe bado hautoshi. Mwanafunzi wetu ni mtu mzima aliyeshinda kazini, ana mtoto anayemsubiri nyumbani, na pengine shule ya utotoni ilimwachia kovu. Akiaibishwa jioni moja tu, harudi. Mwaka 1963 huko Angicos, Brazili, mwanaelimu Paulo Freire na wenzake walifundisha wafanyakazi wapatao 300 kusoma na kuandika kwa saa 40 hivi, wakianzia kwenye maneno ya maisha yao wenyewe. Mmoja wa wanachama wetu amefanya la namna hiyo katika darasa la ushonaji. Wanafunzi wake walisema hesabu za sehemu haziwaingii. Akawapa kitambaa na chati ya vipimo, wakakata robo na thuluthi bila kukosea, ndipo akawaandikia ubaoni walichokwisha kukifanya. Ningependa kila mmoja wetu akalione darasa lile.

Nisisitize suala la usalama, maana jioni ina hatari zake. Mwanga wa kuchomelea ukimpata mtu machoni bila kinga, maumivu hayaji papo hapo. Huja saa kadhaa baadaye, macho yakawa kama yamejaa mchanga. Kwa mwanafunzi wa jioni huo ni usiku wa manane, yuko nyumbani, mkufunzi wake amelala. Mwenzetu aliyestaafu hakuwahi kuwasha mashine kabla ya kukagua kioo cha kila ngao ya uso kwa mkono wake. Aliwahi kuambiwa anapoteza muda wa somo. Hakuacha.

Sasa niseme la uchungu. Wakufunzi wengi wa jioni wanalipwa kwa saa za darasani tu. Kuandaa vifaa, kusahihisha kazi, kusafisha karakana na kumsikiliza mwanafunzi anayetaka kuacha masomo, hayo yote hayahesabiwi. Chuo kimoja kilimwondoa mwanachama wetu katikati ya muhula bila kumpa sababu, na darasa lake likasambaratika. Tumewaandikia waajiri tukirejea mapendekezo mawili ya UNESCO ya mwaka 2015, moja la elimu ya ufundi na jingine la elimu ya watu wazima, ambayo yanagusa mafunzo na mazingira ya kazi ya wanaofundisha. Baadhi wamekubali kukaa nasi mezani. Wengine bado tunawafuatilia, na hatutachoka.

Tumeomba pia mkufunzi apewe nafasi ya kurudi viwandani mara kwa mara. Ujuzi huchakaa. Anayefundisha umeme wa magari kwa daftari la alipokuwa mwanagenzi anawapeleka wanafunzi kwenye ajira isiyokuwapo tena.

Mwenzetu aliyestaafu alipenda kuwasimulia wapya habari za George Birkbeck, mwalimu wa sayansi aliyewaona mafundi wa Glasgow wakitaka kujua siri ya vyombo walivyomtengenezea, akaanza kuwafundisha bure mwaka 1800. Chuo cha mafundi alichosaidia kukianzisha London mwaka 1823 leo ni chuo kikuu chenye jina lake, na bado kinafundisha jioni.

Siku ya kumuaga alimkabidhi mrithi wake bahasha ya vipande vya chuma. Ni mishono mibaya ya kuchomelea ya wanafunzi wa miaka mingi, kila kimoja kimeandikwa kwa chaki ya chuma kosa lililokiharibu. Mrithi huyo yuko nasi hapa leo na amekuja navyo. Viko kwenye meza ya nyuma, na mnaweza kuvishika.

Naomba mkutano uipokee taarifa hii, kisha tuanze na hoja ya malipo ya saa za maandalizi.

Mwenyekiti